Bibi Ana Homa Tangu Lini?

Tangu kile kipindi cha kuuguza wazee nyumbani, wengi mmetuuliza jambo moja: mkono unasema bibi ana moto, kipima joto kinasema hana. Tuamini kipi?

Kwanza mtazame alikotoka. Juni hapa Al Khuwair nje digrii 43, bibi katembea mpaka garini, kisha kiyoyozi kikampuliza usoni njia nzima. Ukimlenga kwenye kipaji palepale mlangoni, umepima jua na kiyoyozi. Mfute jasho, akae ndani kama nusu saa, ndiyo umpime. Kama unapima mdomoni na ndo kwanza kamaliza kahawa, ngoja dakika 15 mpaka 30. Kwapani husoma chini kuliko mdomoni, mara nyingi kama nusu digrii. Lakini usiongeze wewe kichwani! Andika ulichokiona, na pembeni yake andika "kwapani".

Na ile 37 tunayoikariri tangu skuli ni wastani tu, aliouchapisha daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, mwaka 1868. Wazee wengi wako chini ya hapo. Mpime bibi akiwa mzima, siku mbili tatu, asubuhi na jioni, ujue yake. Aliyezoea 36.2 akifika 37.6, kalegea na chakula hataki, hiyo ni habari, hata kama shangazi anasema "mbona si homa hiyo".

Andika na saa, na dawa. Ukimpa Panadol saa mbili ukampima saa tatu na nusu, namba nzuri uliyoipata ni ya Panadol. Karatasi moja juu ya friji yatosha. Si sauti za WhatsApp kwa watoto watano, kila mmoja na lake.

Hapa ndipo pazito kwetu sisi wenye watu Unguja, Pemba na Tanga. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Usiku mtu anatetemeka ndani ya mablanketi matatu, asubuhi kituo cha afya wanapata 36.8. Daktari anauliza, "Tangu lini?" Mnatazamana. Kumbe wiki mbili nyuma alikuwa harusini Tanga, hakuna aliyesema. Mpelekeeni ile karatasi, mtajeni na safari, naye apimwe damu siku hiyohiyo hata kama mwili umeshapoa.