Lexington 1775: Walikimbia au walipigana? Inategemea nani alichora

ALFAJIRI ya Aprili 19, 1775, katika kiwanja cha kijiji cha Lexington, Massachusetts, risasi zilirindima kwa dakika chache tu. Moshi ulipotawanyika, wanamgambo wanane walikuwa wamekufa na 10 wamejeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa askari mmoja, na farasi wa Meja John Pitcairn akapigwa risasi bila kuanguka.

Ndivyo yalivyoanza mapigano kati ya makoloni 13 ya Amerika na Mfalme George wa Tatu, vita ambavyo baadaye vilizaa taifa la Marekani. Aprili 2025 nchi hiyo iliadhimisha miaka 250 tangu asubuhi hiyo.

Hakukuwa na kamera. Dunia imeijua Lexington kupitia mikono ya wachoraji, na hapo ndipo kuna kisa. Ukiipanga michoro yao kwa mfuatano wa miaka, utaona jambo la kushangaza. Katika mchoro wa mwaka 1775 wanamgambo wanatawanyika huku wakipigwa risasi. Katika ule wa mwaka 1830 hivi, baadhi wamesimama na kujibu. Kufikia 1886, wamekita miguu chini kama kuta na bunduki zao zinatema moto.

Watu ni wale wale, kiwanja ni kile kile. Kilichobadilika ni mahitaji ya watazamaji.

Mchoro wa kwanza ni kazi ya Amos Doolittle, kijana wa miaka 21 kutoka New Haven, Connecticut. Alikuwa amejifunza kazi ya usonara, na kuchonga picha kwenye bamba la shaba ni fani iliyo jirani na hiyo. Habari za mapigano zilipofika New Haven, kikosi chake cha wanamgambo kilikwenda Massachusetts, naye akapata nafasi ya kufika Lexington na Concord majuma machache baada ya damu kumwagika.

Hakwenda peke yake. Alifuatana na mchoraji Ralph Earl, ambaye ndiye aliyechora mandhari, yaani nyumba, barabara na vilima. Doolittle alipokuwa mzee alisimulia kwamba Earl alikuwa akimwamuru kuchutama nyuma ya ukuta wa mawe na kushika bunduki, ili apate mfano wa mwanamgambo anayelenga. Kwa hiyo baadhi ya mashujaa unaowaona katika picha hizo ni Doolittle mwenyewe!

Desemba 1775 picha nne zilitangazwa gazetini kuwa zinauzwa: shilingi sita kwa seti isiyo na rangi, shilingi nane kwa iliyopakwa rangi. Ya kwanza ndiyo inayoonyesha Lexington. Mbili zinahusu Concord, mji wa jirani ambako Waingereza walikuwa wakienda kutafuta silaha zilizofichwa, na ya nne inaonyesha askari hao wakirudi Boston huku nyumba zikiteketea na risasi zikiwatoka nyuma ya kuta.

Kwa ufundi, picha ya Lexington si kitu cha kujivunia. Askari wamepangwa kama meno ya kitana, na miti imesimama kama fagio. Lakini tazama anachosema. Waingereza wako katika mstari ulionyooka, moshi unatoka kwenye mitutu yao, na Pitcairn yuko juu ya farasi akiongoza. Mbele yao wanamgambo wanakimbia kila upande, wengine wamelala chini. Hakuna anayejibu.

Juu ya picha kuna namba, na chini yake maelezo ya kila namba. Namba moja ni Pitcairn. Namba mbili ni kile kikosi kilichokuwa cha kwanza kufyatulia risasi watu wa Lexington. Swali la nani alianza, ambalo wanahistoria hawajalimaliza hadi leo, Doolittle alikwisha kulihukumu katika maelezo ya namba mbili.

Hakuwa akibuni peke yake. Siku chache tu baada ya mapigano, viongozi wa Massachusetts walikusanya hati za viapo kutoka kwa waliokuwapo. Kapteni John Parker, aliyeongoza wanamgambo wapatao 77 wa Lexington, aliapa kwamba aliwaamuru watu wake watawanyike na wasifyatue risasi, na kwamba askari wa mfalme waliwashambulia bila kuchokozwa. Viapo hivyo vilipakiwa katika meli iendayo kasi, Quero, vikafika London takriban wiki mbili kabla ya ripoti ya Jenerali Thomas Gage, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko Boston.

Sababu inaeleweka. Mwaka 1775 makoloni yalikuwa bado chini ya mfalme, na kumfyatulia risasi askari wake ni uhaini, adhabu yake kitanzi. Wakati huo mtu aliyeuawa akikimbia alikuwa na faida kubwa kuliko aliyeuawa akipigana. Doolittle alichora kile ambacho viapo vilisema, na viapo vilisema kile ambacho harakati zilihitaji.

Basi imekuwaje picha igeuke?

Miaka 50 ilipita. Uhuru ulikuwa umepatikana, kitanzi hakikuwapo tena, na sasa kila mji ulitaka sifa. Mwaka 1824 Jenerali Lafayette wa Ufaransa, aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita hivyo, alitembelea Concord. Mwenyeji wake akamwambia kwamba hapo ndipo adui alipopingwa kwa nguvu mara ya kwanza. Alikuwa na hoja, maana kwenye Daraja la Kaskazini la Concord wanamgambo walifyatua kwa amri na kuua askari wa mfalme.

Watu wa Lexington walichukia. Ikiwa wazee wao walikimbia tu, walikuwa ni wahanga, si wapiganaji. Mwaka 1825 Elias Phinney alichapisha historia ya mapigano ya Lexington, pamoja na viapo vipya vya wazee waliokuwa bado hai. Safari hii wazee walisema: ndiyo, baadhi yetu tulijibu. Concord nayo ikajibu kwa kitabu chake mwaka 1827.

Wachoraji hawakuchelewa. Mnamo 1830 chapa iliyochorwa na M. Swett na kutolewa na kiwanda cha Pendleton huko Boston ilionyesha wengine wakiondoka, lakini wengine wakifyatua. Katikati ya karne ya 19 Hammatt Billings akaongeza bunduki zinazojibu. Mwaka 1886 ukafika mchoro mkubwa wa rangi wa Henry Sandham, mzaliwa wa Montreal, Kanada, ambao ulikuja kutundikwa katika ukumbi wa Cary, Lexington. Humo kukimbia kumesahauliwa.

Picha ya Sandham ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1925, katika kumbukumbu ya miaka 150, Posta ya Marekani iliiweka kwenye stempu ya senti mbili, ikasafiri nchi nzima juu ya bahasha za watu.

Aliyeifichua siri hii ni Harold Murdock, mtu wa benki huko Boston aliyependa historia. Katika miaka ya 1920 aliiweka michoro hiyo pamoja na kuonyesha jinsi upinzani wa Lexington ulivyokua kutoka picha moja hadi nyingine. Si kila mtu alimshukuru.

Hata hivyo, tusimwite Sandham mwongo na Doolittle mkweli. Yule askari aliyejeruhiwa na yule farasi hawakujipiga wenyewe. Lazima kuna wanamgambo waliojibu. Doolittle aliwaondoa wachache waliopigana, na waliomfuata wakawaondoa wengi waliotawanyika. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu linawanyang'anya wale wanane ukweli wa kifo chao. Wapo waliopigwa risasi wakiondoka kama walivyoamriwa na kapteni wao.

Kapteni mwenyewe hakusalimika na wasanii. Parker alikuwa na miaka 45 asubuhi ile, mgonjwa wa kifua kikuu, na Septemba mwaka huo huo alifariki. Hakuna picha yake iliyopo. Lakini mwaka 1900 sanamu ya shaba ya Henry Hudson Kitson ilisimamishwa kando ya kiwanja cha Lexington, na wageni wengi huamini ndiye Parker. Ni kijana mwenye kifua kipana, mikono yenye misuli, bunduki mkononi. Karibu na hapo kuna jiwe lililochongwa maneno ya ushujaa yanayosemekana ni yake, ya kuwataka watu wasimame imara. Katika kiapo chake cha 1775 maneno hayo hayamo.

Na kuna mtu mwingine ambaye michoro hiyo maarufu haikumpa nafasi ya kutambulika. Jina lake Prince Estabrook, mtu mweusi, mtumwa wa familia ya Estabrook wa Lexington. Alisimama mstarini na wanamgambo wa Parker, akajeruhiwa begani. Orodha ya majeruhi iliyochapishwa mwaka ule ule inamtaja, tena kwa kueleza kwamba ni Mwafrika. Kwa hiyo wachoraji hawawezi kusema hawakuambiwa.

Estabrook alipona, akarudi jeshini zaidi ya mara moja katika miaka ya vita vile, na baadaye akapata uhuru wake. Picha zilizochorwa kusifu uhuru zilipita karne nzima zikiwahesabu wenye bunduki bila kumwona yeye, aliyekuwa na haja ya uhuru kuliko wote waliokuwa kiwanjani.

Mwaka 2008 jiwe la kumkumbuka liliwekwa mbele ya Buckman Tavern, nyumba ya pombe ambamo wanamgambo walikuwa wakiwasubiri Waingereza usiku ule. Nyumba hiyo ingali imesimama, na imo pia katika mchoro wa Doolittle. Ni namba sita.