Maziwa hayafi kwa machozi

Siku ya 4 kisha kuzaa mtoto wangu wa pili nilikaa kitandani nikalia asubuhi yote. Hakuna aliyenikosea. Mtoto alikuwa mzima, chakula kilikuwepo, mama mkwe alikuwa amefika toka Walungu na unga wa mtama wa kunipikia uji. Nililia tu. Yeye akaniangalia kwa huruma, akasema: "Mwanangu, ukilia hivyo maziwa yatakufa." Basi nikalia mara mbili.

Neno hilo mnalijua. Toka Bagira hadi Panzi tunawaambia wazazi wapya, tena kwa moyo mzuri. Lakini linamtia mama woga, na woga ndio unaoleta shida yenyewe.

Maziwa yanaongozwa na homoni mbili. Prolaktini inayatengeneza, na inaitwa na kunyonya kwa mtoto: anavyonyonya mara nyingi, ndivyo maziwa yanavyozidi, zaidi usiku. Oksitosini inayasukuma yatoke. Hii ya pili ina haya. Mama akiwa na woga, maumivu ao hasira, inachelewa, na maziwa yanabaki ndani ijapokuwa yapo. Mtoto anavuta, hapati, analia. Mama anasema, "Sina maziwa," anaanza kumpa uji ao maziwa ya boksi. Mtoto akishashiba uji, hanyonyi sana. Titi lisiponyonywa halitengenezi tena, na sasa maziwa yanapungua kweli. Machozi hayakuyakausha, ni titi lililoachwa.

Kwa hiyo mama mzazi akilia, msimnyang'anye mtoto. Mwekeeni mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mpeni mama maji ya kunywa, mmoja amkande mgongo polepole, mwingine awatoe nje watoto wakubwa wanaopiga kelele. Kisha dakika chache maziwa mara nyingi yanashuka. Na kama mna mashaka kuwa hayatoshi, angalieni nepi: kisha juma la kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 ao zaidi kwa siku anapata. Kilo kwenye kituo cha afya zitasema mengine.

Huzuni ya siku za kwanza inawapata wazazi wengi sana, na kwa kawaida inaondoka yenyewe mbele ya majuma 2 kutimia. Ikipita hapo, ni jambo lingine. Mama hafurahii kitu, hapati usingizi hata mtoto akilala, hataki kula, anajiona mama mbaya, ao anamwangalia mtoto kama mtoto wa jirani. Huo ni ugonjwa, waganga wanauita depresiyo. Si uvivu, si kurogwa, wala si kukosa imani. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba katika nchi zisizo na mali nyingi, wamama karibu 20 kwa 100 wanapata ugonjwa wa moyo na akili kisha kuzaa. Hesabuni wenyewe katika kikundi chenu ni wangapi.

Na sisi tunazalia wapi? Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita ilipoingia mjini na banki zikafunga, mama anazaa bila kujua kesho bwana atapata pesa wapi. Wengine wanarudi kubeba mizigo ao kuuza sambaza mbele mwili haujapona, mtoto anabaki na dada yake wa miaka 8. Kwa hao: maziwa yanaweza kukamuliwa kwa mkono uliooshwa, ndani ya kikombe safi chenye kifuniko. Yanakaa saa 4 nyumbani bila friji, na mtoto ananyweshwa kwa kikombe, si kwa biberoni, kwa sababu biberoni ni vigumu kuisafisha katika nyumba isiyo na maji ya kutosha.

Sasa kuna habari nzuri, na inatuhusu sisi wa vikundi. Kule Pakistani, wafanyakazi wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, walifundishwa kutembelea wamama wenye depresiyo nyumbani na kuongea nao kwa mpango. Mtoto alipofika miezi 6, wamama waliobaki wagonjwa walikuwa 23 kwa 100. Katika vijiji ambako wamama walitembelewa tu bila mafundisho hayo, walikuwa 53. Utafiti huo ulitoka mwaka 2008. Na hapa kwetu Kivu, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanawake waliotendewa jeuri walipata nafuu kubwa walipokutana kwa vikundi wakiongozwa na wasaidizi wa kijamii waliofundishwa. Muganga anahitajika, lakini mara nyingi dawa ya kwanza ni mwanamke mwingine anayekaa chini na kusikiliza.

Sisi tunajua kutembelea mzazi. Tunaleta sabuni, tunaleta sukari, tunamsifu mtoto, tunaenda. Mara ngapi tunamuuliza mama mwenyewe: "Na wewe, unalala? Unakula? Moyo uko namna gani?" Tena turudi juma la 6, wakati wageni wote wamekwisha.

Jambo moja zaidi, hata kama litawakasirisha wengine. OMS inashauri maziwa ya mama peke yake miezi 6, na mimi nakubali. Lakini titi lisigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia mama mgonjwa. Depresiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha, na dawa nyingi zake mama anaweza kumeza huku ananyonyesha, muganga akizichagua. Asiache dawa kwa sababu jirani amesema.

Lakini mama akianza kusikia sauti, kuongea mambo yasiyoeleweka, kukaa siku nyingi bila kulala, ao kusema atajiua ao atamdhuru mtoto, msingoje chumba cha maombi kimalize siku 3. Asibaki peke yake hata dakika moja, na apelekwe siku ile ile. Hospitali ya Panzi ina wanasaikolojia, na SOSAME ni kituo cha kutunza akili. Najua watu wanasema SOSAME ni pahali pa wenda wazimu, na ndiyo maana familia zinachelewa.

Mama mkwe wangu, tulipoongea kisha miaka, aliniambia yeye pia alilia hivyo kwa mtoto wake wa kwanza, peke yake, nyuma ya nyumba, ili wasimwone.