UPELE USOKO­MA USONI: TIBA HUANZA KWA KUPIMWA, SI KWA KUBADILISHA KRIMU

Na Afisa Habari wa Halmashauri

Kwa takribani miezi saba, mwandishi wa makala haya alipiga picha za mikutano ya hadhara na uzinduzi wa miradi katika kata zetu, huku akihakikisha kuwa yeye mwenyewe haonekani katika picha hata moja. Sababu ilikuwa upele. Ulianza kama vipele vichache pembeni mwa pua baada ya kunyoa ndevu, ukaenea hadi kuzunguka mdomo na kidevu. Alinunua tyubu nne za dawa ya kupaka katika maduka tofauti, bila kupimwa hata mara moja. Kila tyubu ilimpa nafuu ya siku tatu, na kila nafuu ilifuatwa na upele mkubwa zaidi.

Yaliyomkuta huwapata wengi, nayo yana maelezo ya kitaalamu ambayo kila mkazi anapaswa kuyafahamu.

Kwa nini nafuu huja na kutoweka

Krimu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya "upele wa aina yoyote" huchanganya dawa tatu katika tyubu moja: ya kuua fangasi, ya kuua bakteria na steroidi. Steroidi, kama vile betamethazoni na klobetazoli, hutuliza wekundu, uvimbe na muwasho kwa haraka. Hata hivyo, haiui kijidudu chochote. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya kinga ya mwili mahali ilipopakwa.

Kwa hiyo, iwapo upele umesababishwa na fangasi, mgonjwa huona ngozi ikitulia wakati fangasi wanaendelea kustawi chini ya utulivu huo. Akiacha kupaka, choa hurudi kikiwa kipana, tena kikiwa kimepoteza umbo lake la duara, hata mtaalamu hupata shida kukitambua kwa macho.

Ngozi ya uso ni nyembamba na hufyonza dawa zaidi kuliko ngozi ya mikono au miguu. Steroidi kali ikipakwa usoni kwa wiki nyingi huweza kuidhoofisha ngozi, kufanya mishipa midogo ya damu ionekane na kuotesha vipele vipya kuzunguka mdomo na pua. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, huweza kuchangia presha ya macho na mtoto wa jicho.

Upele unaofanana, magonjwa tofauti

Vipele vya usoni vinaweza kuwa chunusi, choa, pumu ya ngozi, mzio wa kipodozi, au madhara ya dawa. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja huweza kukichochea kingine. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyepona, hata ukitolewa kwa nia njema, hauwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi.

Mwandishi alipofika kituo cha afya, tabibu alimuuliza kwanza ni dawa gani alizokwisha kupaka, kisha akaagiza kipimo. Mtaalamu wa maabara alikwangua ngozi kidogo, akaiweka kwenye kioo pamoja na tone la kemikali, na kuitazama kwa hadubini. Hapakuonekana fangasi. Vile vipele vya kunyoa vilikuwa vimekwisha siku nyingi. Ugonjwa uliobaki ulikuwa umeletwa na krimu zenyewe.

Wiki za mwanzo ni ngumu

Tiba yake ilikuwa kuacha krimu zote, kunawa kwa maji na sabuni isiyo na manukato, na kumeza antibayotiki alizoandikiwa kwa wiki sita. Tabibu alimwonya mapema kwamba upele ungezidi kabla ya kupungua, kwa kuwa ngozi iliyozoea steroidi hulipuka inapoikosa. Ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya pili uso uliwaka kuliko wakati wowote, na kishawishi cha kuirudia ile tyubu kilikuwa kikubwa. Wengi hukata tamaa katika hatua hiyo, wakidhani kuwa dawa mpya imeshindwa. Mwandishi alivumilia, na baada ya miezi mitatu ngozi ilikuwa safi.

Aliyekutwa na fangasi naye anahitaji subira. Dawa ya fangasi isiyo na steroidi hupakwa kwa wiki mbili hadi nne, na huendelea kwa muda ulioelekezwa hata baada ya alama kutoweka. Chunusi nazo huhitaji wiki sita hadi nane kabla mabadiliko hayajaonekana vizuri.

Utaratibu wa kupata huduma

Mkazi mwenye upele uliodumu zaidi ya wiki mbili, au unaorudi kila anapoacha dawa, aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Afike na tyubu na vipodozi vyote alivyotumia, vikiwemo vya kung'arisha ngozi, kwani baadhi yake huwa na steroidi, zebaki au hidrokwinoni bila mtumiaji kujua. Aulize mambo matatu: ugonjwa huu unaitwaje, dawa hii ina steroidi, na niitumie kwa siku ngapi? Aliyepaka steroidi kali sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu asiiache ghafla kabla ya kumwona mtaalamu.

Upele usiopona hupelekwa kwa rufaa hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Nchi yetu ina wataalamu wa ngozi waliobobea, na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hufundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Usisubiri wiki mbili endapo upele unaambatana na homa, uvimbe wa macho, au ngozi kubabuka baada ya kumeza dawa. Aidha, baka lililopoteza hisia lichunguzwe mapema, kwa kuwa huenda likawa dalili ya ukoma. Ugonjwa huo unatibika, na dawa zake hutolewa bila malipo.

Wauzaji wa maduka ya dawa nao wanaombwa kumwelekeza kituoni mteja anayerudi kununua krimu ileile kwa mara ya pili au ya tatu. Mteja huyo hahitaji tyubu nyingine, anahitaji kupimwa.