ASKARI ANAPOKUWA DALALI WA NYUMBA



Habari ya kazi ya pili haikosi katika mikutano yetu, kwa kuwa mshahara mmoja hautoshi. Safari hii tutazame Marekani, ambako wako askari walio bado jeshini na huku jioni na siku za mapumziko wanafanya udalali wa nyumba. Jambo hili si la mbali nasi. Mgeni mwenye ruhusa ya kukaa Marekani daima anaweza kuandikishwa jeshini huko, na wamo vijana waliotoka nchi zetu.

Kwa nini udalali? Askari huhamishwa kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo miji ya kambi kubwa, kama Norfolk na San Diego, haikosi mtu anayehama na mtu anayehamia. Tena, tangu mwaka 1944 iko sheria ya kuwadhamini waliotumikia jeshi wapate mikopo ya nyumba, na mara nyingi hawatakiwi kutanguliza fedha. Askari aliyekwisha pita njia hiyo anajua shida za mteja wake.

Mwenye nia hufuata hatua hizi:

1. Kibali. Kwa kawaida humwomba mkuu wa kikosi chake ruhusa kwanza. Askari ni wa jeshi saa 24. Akiitwa, mteja atangoja.

2. Masomo na mtihani. Kila jimbo lina sheria yake. Virginia hutaka saa 60 za masomo, Texas 180. Kisha mtihani, ndipo leseni.

3. Kuwa chini ya wakala mkuu. Dalali mpya hawezi kujitegemea. Hufanya kazi chini ya wakala mwenye leseni ya juu, naye huchukua sehemu ya ujira.

4. Uhamisho. Leseni ni ya jimbo lililoitoa. Tangu Januari 2023 sheria ya nchi nzima imemsaidia askari aliyehamishwa kwa amri, na mwenzi wake, kutambuliwa leseni yake kwingine kwa masharti.

Sasa tuhesabu. Tuseme nyumba imeuzwa kwa dola 300,000, na upande wake umepatana asilimia 2.5. Hiyo ni dola 7,500. Wakala mkuu akichukua asilimia 40, zinabaki 4,500, na hapo bado kodi, petroli na ada. Nyumba isipouzwa, hapati kitu. Sheria ya kodi ya mwaka 1982 haimhesabu dalali wa namna hii kuwa mwajiriwa, maadamu analipwa kwa mauzo wala si kwa saa, na mkataba wake wa maandishi unasema hivyo. Basi hana tajiri wa kumchangia akiba ya uzeeni.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni cheo. Kanuni za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zinamkataza mtu kuwashawishi walio chini yake kwa cheo wanunue kitu kwake, wao au jamaa zao, awe kazini au nje ya kazi. Nyumba na ardhi zimetajwa wazi humo. Anaruhusiwa kuuza au kupangisha nyumba yake mwenyewe, si kuwafanya vijana wa kikosi chake kuwa soko.

Sababu yake ni rahisi. Sajini ndiye anayepanga zamu na kuandika ripoti ya koplo. Akimwambia, "Njoo nikuonyeshe nyumba nzuri," koplo atakataaje? Tangu Agosti 2024 madalali wa chama chao cha taifa hupaswa kuandikiana mkataba na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba. Koplo angetia sahihi mbele ya mkubwa wake, na deni la nyumba ni la miaka 30.

Raia nao walilindwa zamani. Sheria ya ulinzi ya mwaka 1916 ilikataza askari wa kawaida kuruhusiwa kutoka kambini kufanya kazi ya kiraia iliyoingilia riziki ya wenyeji wa kazi hiyo. Lakini askari mwenyewe hana chama cha kumtetea, kwani sheria ya mwaka 1978 inawakataza askari wa Marekani walio kazini kujiunga na chama cha kujadili mishahara na masharti ya kazi yao. Kanuni ile ya cheo ndiyo ngao yake.

Sisi tunacho chama. Hata hivyo wako wasimamizi wanaowauzia vibarua wao vitenge, sabuni, hata viwanja kwa mkopo, na siku ya mshahara fedha zinakatwa. Kibarua hununua kwa kuogopa kuachishwa. Kila tawi litazame jambo hili kazini kwake, na mapatano yajayo na waajiri yaandikwe wazi: msimamizi asimwuzie mtu aliye chini yake.