Haishoni, Hakati, na Analipwa

Katika karakana moja ya ushonaji, ghorofani huko Kariakoo, kuna kamba imefungwa kutoka dirishani hadi mlangoni, juu kidogo ya vichwa vya watu. Imejaa vibanio vya kuanikia nguo, na kila kibanio kimeshika kadi iliyokatwa kwenye boksi la viatu. Nilikwenda kufuata kaptula ya shule nikaambiwa nisubiri kidogo, na kwa kuwa kidogo ya fundi naijua, nikavuta stuli nikaanza kuitazama ile kamba. Haikupita muda nikagundua kwamba kadi zinatembea. Dada mmoja, kalamu sikioni, alikuwa akizihamisha moja moja kutoka upande wa dirisha kuja upande wa mlango. Muda wote huo hakukaa kwenye cherehani hata mara moja.

Nilimuuliza yeye ni nani pale. Mafundi walicheka kabla hajajibu.

Kazi anayoifanya, kwenye kampuni kubwa, ina cheo na kiti cha kuzunguka: msimamizi wa mchakato. Hapa haina hata stuli. Wateja hudhani ni mke wa bosi, au mshika fedha. Kumbe yeye kazi yake ni kujua kila nguo iko mkononi mwa nani, imekaa hapo tangu lini, na inasubiri nini. Aliniomba nisimtaje jina, maana, anasema, kuna wateja wa Januari iliyopita ambao bado hawajamsamehe.

Niieleze hiyo kamba vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Imegawanywa kwa vitambaa vilivyofungwa mafundo: kwanza sehemu ya kukata, kisha kushona, ovaloki, matundu na vifungo, halafu pasi. Kadi moja ni bando moja, kwa kawaida mashati kumi ya saizi moja yaliyofungwa kwa ukanda wa masalio. Juu ya kadi pameandikwa shule, saizi na idadi. Chini kuna tarehe mbili. Ya wino wa bluu ndiyo aliyoahidiwa mteja. Ya wino mwekundu ndiyo anayoiamini yeye. Nilizipitia kadi kadhaa kwa macho, na zile ambazo tarehe mbili zilifanana hazikuwa nyingi.

Ila siri ya kamba haiko kwenye kadi, iko kwenye vibanio vyenyewe. Vimehesabiwa. Kushona kuna vibanio vinane, kwa sababu vyerehani ni vinane. Kukata kuna vinne. Matundu na vifungo kuna vitatu tu, vya kijani, na haviongezwi kwa maombi ya mtu yeyote. Vikijaa vyote vitatu, bando lililomaliza ovaloki halina pa kwenda, linabaki na kibanio chake. Ovaloki ikijaa, mshonaji naye anabaki na bando lake mkononi. Mwisho wa yote mkataji, mwenye kitambaa tele mezani na mkasi uliotoka kunolewa, anakosa pa kutundika kadi mpya. Anaweka mkasi chini. Karakana imejaa oda na mkataji amekaa, na yule dada anaona hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Anasema aliingia pale kama mtu wa kumalizia: kukata nyuzi zinazoning'inia, kukunja, kupakia. Anayekaa mwisho wa kazi huona yote yanayochelewa. Vyerehani vilikuwa saba wakati huo, vinalia kutwa, na bosi akisikia mlio huo anaridhika kwamba kazi inakwenda. Pembeni, kando ya mashine moja ya matundu inayoendeshwa na mzee mmoja, mashati yasiyo na matundu yalikuwa yamerundikana hadi usawa wa dirisha. Wazazi wako mlangoni, shule zinakaribia kufunguliwa. Bosi, kwa kutaka kusaidia, akanunua cherehani cha nane. Rundo likakua. Dada huyu anasema siku ile hakujua acheke au alie.

Eliyahu Goldratt, Mwisraeli aliyesomea fizikia, aliandika riwaya nzima juu ya rundo kama hilo. Inaitwa The Goal, ilitoka mwaka 1984, na hoja yake kubwa ni kwamba kiwanda hakiwezi kutoa zaidi ya kile kinachopita kwenye sehemu yake iliyobana kuliko zote. Kuharakisha kwingine ni kurundika tu. Huko Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa ameshaanza tangu miaka ya 1950 kutumia kadi kuzuia idara moja isizalishe kitu ambacho idara inayofuata haijakihitaji. Msimamizi wetu hajasoma kitabu hicho, wala Ohno hakuwahi kumsikia. Nilipomsimulia aliuliza kama Mjapani huyo naye alitumia vibanio.

Jambo la pili alilonionyesha ni hesabu. Mteja akiuliza nguo zitakuwa tayari lini, yeye haangalii uso wa mteja. Anahesabu mashati yote yaliyomo ndani, anagawa kwa mashati yanayotoka mlangoni kwa siku. Yakiwa ndani 240 na kwa siku yanatoka 40, mteja atasubiri siku sita. Hazitakuwa tatu, hata awe mjomba wa bosi. Profesa John Little wa Marekani aliithibitisha kanuni hiyo kihisabati mwaka 1961, na leo inafundishwa vyuo vikuu. Hapa imeandikwa kwa chaki ukutani, nyuma ya pasi.

Kutokana na hesabu hiyo anawatetea mafundi kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Anasema fundi anayekwambia njoo kesho si mwongo. Hajui. Amepokea kila kitambaa kilicholetwa kwa sababu kila kitambaa kimekuja na advansi, advansi imeshakuwa unga na nauli, na vitambaa vimejaa chini ya meza kwenye mifuko isiyo na tarehe. Ukimuuliza lini, anakutajia siku iliyo karibu kuliko zote ambayo haitakuudhi. Nilishonewa suti ya harusi kwa utaratibu huo huo, nami nikawa nimemwita yule fundi majina mengi.

Asubuhi huanzia kazi yake mlangoni, akirudi nyuma kuelekea dirishani: pasi kwanza, kukata mwisho. Bando lililo karibu na mlango, anasema, ndilo lililo karibu na pesa. Kinachochelewesha mara nyingi ni kitu kidogo cha kutia aibu. Vifungo vimeisha, kijana katumwa dukani akapitiliza kwenye chai. Uzi wa rangi ya sketi haupo. Saizi 28 imeandikwa kama 26. Siku hizi bando haliruhusiwi kuingia kwenye kushona mpaka mfuko wake uwe na vifungo, uzi na zipu zake, vimehesabiwa. Mafundi walinuna kwa muda, kisha wakagundua kwamba hawanyanyuki tena kwenye viti, na anayelipwa kwa shati hapendi kunyanyuka.

Lakini hapo kwenye kulipwa kwa shati ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mkataji amemzidi dada huyu umri na humwita mwanangu. Siku ya kwanza alipoambiwa aweke mkasi chini, alimuuliza kama hicho kibanio kitamlipia kodi ya nyumba. Dada hakuwa na jibu, na mpaka leo hana. Alimshauri ajifunze mashine ya matundu ili aisaidie sehemu iliyobana. Mkataji akakataa, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa karakana, na mkubwa hashuki kwenda kutoboa matundu. Sasa vibanio vikijaa huenda kukaa ngazini na simu yake. Karakana yote inapata nafuu kwa saa ambazo yeye hazilipwi. Je, afidiwe na nani, na kwa kipimo gani? Niliwauliza wote wawili, na bosi pia. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Halafu kuna mabando ya bosi. Rafiki yake akileta kitambaa, hupita bila kadi, mkononi kwa mkono. Dada huyu anaweza kumkatalia mteja, bosi hawezi kumkatalia. Na alipougua malaria akalala nyumbani wiki moja, alirudi akakuta kibanio kimoja kimeshika kadi tatu. Sasa sijui tuseme kinachofanya kazi ni kamba, au ni yeye kusimama chini yake.

Kwa sera ya taifa ya mwaka 2003, biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49 ni biashara ndogo, na karakana hii imo humo. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973 kuhudumia wa namna hii, na Wizara ya Viwanda, ikisaidiwa na JICA, shirika la ushirikiano la Japani, imekuwa ikifundisha viwandani kaizeni, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Ujuzi upo. Kigugumizi huja pale mwenye karakana ya watu kumi na mbili anapotakiwa kumlipa mtu ambaye hashiki mkasi wala sindano.

Dada huyu analipwa mshahara wa mwezi usiopanda wala kushuka. Januari, mshonaji mzuri humzidi kipato. Bosi anasema angependa kumwongeza, tatizo haoni ahesabu nini, kwa sababu hakuna shati lenye mshono wake. Ahesabu wazazi waliokuwa wakigombana mlangoni kabla ya vibanio, na wale ambao siku hizi wanakuja mara moja tu, wanachukua, wanaondoka. Bosi ameniambia yeye husoma gazeti hili kila wikiendi, basi nalisema hapa hapa: huyu dada anapunjwa, na sare za Januari zinaanza kukatwa Novemba.