Mgeni wa Picha na Mwenyeji Asiyepona

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimkusudia mgeni anayebisha hodi, akakaribishwa, akala na wenyeji, na siku ya kuondoka akaacha heri nyuma yake. Wiki hii napenda kuzungumzia mgeni wa aina nyingine: yule anayesafiri kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye simu yake.

Mitandao ya kijamii imekuwa dalali mkubwa wa safari duniani, na inafaa tuelewe dalali huyu anavyofanya kazi. Mtu hupiga picha, akaiweka mtandaoni pamoja na jina la mahali. Wanaoipenda hubonyeza alama ya kupenda na kuwatumia jamaa zao. Programu zinazoendesha mitandao hiyo huhesabu yote hayo, na picha iliyowavuta wengi hupelekwa kwa wengine wengi zaidi. Kinachopendwa huzidi kupendwa. Programu haiulizi kama mahali penyewe pana vyoo, maji au njia ya kutosha. Msafiri naye akifika hautafuti mji. Anatafuta pembe ileile, apige picha kama ile.

Matokeo yake ni nini? Hallstatt ni kijiji cha Austria kando ya ziwa, chenye wakazi wasiofika 800. Katika msimu wa watalii, kwa siku moja hufika wageni hata 10,000. Wengi wao hushuka kwenye basi, hupiga picha, kisha huondoka bila kulala hata usiku mmoja. Mwezi Mei 2023 palisimamishwa uzio wa mbao mahali wageni walipopenda kujipiga picha, ukaziba mandhari ya milima. Kelele zilipozidi mitandaoni, uzio ukaondolewa upesi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Japani. Katika mji wa Fujikawaguchiko, mlima Fuji huonekana kama umekaa juu ya paa la duka la kawaida la Lawson. Kwa ajili ya picha hiyo, wageni walivuka barabara ovyo, waliacha takataka, na wengine walithubutu hata kupanda paa la kliniki ya meno iliyo jirani. Mwezi Mei 2024 wakuu wa mji walitundika wavu mweusi wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5. Haukukaa siku nyingi kabla ya kutobolewa matundu ya kupitishia kamera. Mwezi Agosti wavu ukateremshwa.

Kwa maoni yangu, uzio ni dawa ya mtu aliyechelewa. Thailand inatupa somo bora zaidi. Ghuba ya Maya ilivuma kwa filamu ya The Beach ya mwaka 2000, na picha za simu zikaongeza moto. Ilifika wakati ufuko huo mdogo ukapokea maelfu ya watu kwa siku, na mashua zikaharibu matumbawe. Mwezi Juni 2018 serikali iliufunga. Matumbawe yakapandwa upya, papa wakarudi. Ulipofunguliwa tena Januari 2022, masharti yalikuwa wazi: mashua haziingii ghubani, na wageni huingia kwa makundi yaliyohesabiwa.

Je, sisi tuko mbali na mambo haya? Hapana. Mwaka 2025 zilienea video kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, zikionyesha watalii walioshuka magarini na kujazana kwenye kingo za mto Mara, wakiwazibia njia nyumbu waliotaka kuvuka. Kila mmoja alitaka picha ya nyumbu akiruka majini. Nyumbu hao wamekuwa wakivuka mto huo tangu zamani bila kumsubiri mpiga picha.

Sisemi tuwafukuze wageni. Fedha za utalii zinalipa mishahara na kusomesha watoto wetu. Ninachosema ni kwamba hesabu itangulie picha. Kila mbuga, ufuko au maporomoko yanayoanza kuvuma yapangiwe mapema idadi ya watu na magari kwa siku, na mipaka ya mahali pa kusimama. Kiongozi wa msafara anayevunja kanuni aadhibiwe hata kama mteja wake ndiye aliyemshawishi. Na sehemu ya kiingilio ibaki kwa wanakijiji wanaozoa takataka.

Nasi wenye simu tunao wajibu wetu. Kabla ya kuitangazia dunia chemchemi ndogo ya kijijini kwa bibi, tuwaulize kwanza wanaoteka maji pale. Mgeni na aje, lakini tusijidanganye kwamba mwenyeji atapona bila mpango.