Kuangalia ndege, ni kazi?

Wandugu wanafunzi, wengine kati yetu wanasema kama mtu wa kuangalia ndege na jumeli anapoteza saa bure. Tutazame basi Aransas, kando ya bahari kule Texas, Marekani, ambako serikali inalinda wanyama tangu 1937. Pale maji ya mito yanachanganyika na maji ya chumvi, na katika matope yake kaa ni wengi. Juu ya kaa hao njo maana korongo weupe wanakuja kila mwaka kukimbia baridi ya Kanada, safari ya kilometa karibu 4 000. Korongo huyu ana urefu wa meta 1,5, sawa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza!

Mwaka 1941 waliwahesabu: walibaki 15 tu. Bunduki ziliwamaliza, na mashamba yalikula vinamasi vyao. Bila hesabu ile, nani angelijua? Leo wanawahesabu toka juu, ndani ya avioni, na wamepita 500. Ilikawia sana, kwani jike anataga mayai 2 lakini mara nyingi anakomaza mtoto mmoja tu. Mtoto huyo ana manyoya yenye rangi ya kutu. Watu wakipanda kwenye mnara wa pale, wanatafuta kwanza ile rangi.